Upande wa Kulia wa Moyo

Mtaa mzima ulimwita Daktari, na hapakuwa na hata mmoja aliyemwita hivyo kwa heshima. Jina lilianzia kinywani mwa baba yake, fundi miwani, ambaye tangu mwanawe huyo wa kwanza akiwa hajaota meno alikuwa akimwinua mbele ya wateja na kusema, "Mimi nawapa macho ya kioo, huyu kesho atawapa dawa." Wateja walicheka kwa adabu. Kesho hiyo ikakawia. Mtoto akawa kijana, kijana akaota ndevu, akaufanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari akaanguka, akaurudia akaanguka tena, na kila alipoanguka jina lilizidi kumganda, hata muuza viatu wa ng'ambo ya barabara akawa akimpigia kelele kila asubuhi, "Daktari! Goti linaniuma. Nije leo, au nisubiri uhitimu?"

"Subiri," alikuwa akijibu bila kuinua kichwa.

"Haya, nitaliambia goti livumilie. Lakini lenyewe limeanza kuzeeka!"

Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Mashine ya kusaga lenzi ilikaa dirishani, ikitiririsha maji meupe kama ya mchele kwenye beseni la bati. Ukutani palikuwa na ubao wa herufi za kupimia macho, na nyuma ya meza palikuwa na kasha la miwani ambayo wenyewe hawakurudi kuichukua, wengine kwa kuhama, wengine kwa kufa. Pazia lilitenga karakana na chumba cha familia. Daktari alikaa kwenye mashine, na mbele yake, chini ya kipande cha kioo kilichokingia matone, kilifunguliwa kile kitabu kinene cha masomo ya sayansi kwa watahiniwa wa udaktari, kilichoandikwa kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Mkono wa mtu mwingine haukuruhusiwa kukigusa. Baba alikuwa amelitangaza hilo kwa sauti ambayo nyumbani mwake haikuwa na rufaa.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa mwisho. Kanuni za chuo hazikumpokea mtu aliyevuka umri uliowekwa, na Daktari alikuwa ukingoni mwa umri huo. Akianguka safari hii, mlango ungefungwa, naye angebaki kusaga vioo mpaka siku ya kuitwa na Mola wake.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyemaliza masomo ya sekondari mwaka uliotangulia. Binti huyu alizaliwa na macho yanayoona mbali tu. Angeweza kukusomea kibao cha duka lililo mwisho wa mtaa, lakini herufi zilizokuwa mkononi mwake zilimyeyukia kama sukari ndani ya chai. Shuleni aliokolewa na ubao na masikio. Vitabu alivinyoosha mbali hadi mkono ukaisha, kisha kichwa kikamuuma siku nzima. Na baba yake, aliyewavisha miwani makadhi, makarani na washonaji wa mji mzima, alikataa kumsagia yake.

"Nani atamposa msichana aliyebeba madirisha usoni?" alisema.

Shangazi yao, dada mkubwa wa fundi, mjane aliyeishi nao na kuwashonea watu nguo, alimjibu huku uzi ukiwa baina ya meno: "Wewe ulipooa ulimpima bibi harusi macho? Kama angekuona vizuri, marehemu yule, asingekubali."

"Dada, usinivunjie heshima mbele ya watoto."

"Heshima gani? Nimesema hakukuona vizuri. Ni maradhi tu hayo."

Ni shangazi huyo aliyemshikilia fundi kooni mpaka akakubali binti naye aufanye mtihani. Baba aliridhia kwa masharti yake. "Amsindikize kaka yake. Akione chumba cha mtihani, roho yake itulie, kisha aolewe." Na kwa kuwa kitabu kilikuwa kimoja, na macho ya binti hayakukiweza, ikaamuliwa kwamba kaka amsomee.

Njia waliyoifuata ilikuwa ile ile waliyolelewa nayo utotoni walipokuwa wakihifadhi maandiko matakatifu. Mwalimu husoma fungu, hulieleza, mwanafunzi hulirudia kwa sauti mpaka ulimi uzoee. Kesho yake huja kulisoma kwa moyo, na mwalimu humsahihisha pale anapoteleza. Ni njia kongwe, na wengi wa waliotangulia katika elimu wamelelewa juu yake. Lakini ina sharti moja: amana ya mwalimu. Mwanafunzi wa njia hii hana pa kupima alichokipokea ila kinywa cha aliyempa.

Mwanzoni Daktari alifurahi. Alimweleza dada yake habari za chembe hai na kuta zake, za asidi na besi, za jinsi harufu ya vitunguu vinavyokaangwa jikoni inavyotawanyika yenyewe hadi karakanani bila mtu kuipepea. Akiwa na mwanafunzi, alijiona mwanachuoni. Siku moja akamfundisha namna maji yanavyopenya utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi, akamtaka arudie. Binti akarudia neno kwa neno, kisha akauliza.

"Kaka, sasa mtu akinywa maji ya bahari, mbona anakufa kwa kiu na maji yako tumboni?"

Daktari alikitazama kitabu. Fungu lile alikuwa akilijua tangu mtihani wake wa kwanza, na hakuwahi kulikalia kitako akalifikiri.

"Hilo halijaulizwa," akasema.

"Nadhani chumvi ile inayavuta maji ya mwili yatoke kwenye chembe. Kwa hiyo anazidi kukauka. Siyo?"

Nyuma ya pazia cherehani ilisimama. "Daktari," shangazi aliita, "inuka basi, umpishe mgonjwa kiti akutibu!"

Alicheka mpaka akakohoa. Hilo Daktari angelimeza, kwani maneno ya shangazi yalikuwa mvua ya kila siku. Lakini baba, aliyekuwa akikaza skrubu za fremu karibu na mlango, alisema polepole, bila kucheka na bila kumtazama mtu, "Labda nililitoa jina kabla mwenyewe hajazaliwa."

Basi. Hakuongeza kitu. Akaendelea kukaza skrubu.

Nafsi ya mwanadamu inapojeruhiwa huanza kwanza kujitafutia fatwa. Daktari alijiambia kwamba dada yake bado kijana, angeufanya mtihani tena mwaka ujao. Kwamba yeye hana mwaka ujao. Kwamba nafasi za chuo ni chache, na si dhambi kubwa kuchelewesha riziki ya mtu ambaye riziki yake haijaiva. Husuda ilipokwisha kumsomea fatwa hiyo, akaiamini. Asubuhi iliyofuata, somo lilikuwa moyo.

Kitabu kilisema, kama wasemavyo matabibu wote, kwamba damu iliyokwisha kutumika mwilini hurudi kwenye upande wa kulia wa moyo, upande huo ukaisukuma mapafuni ikasafishwe; kisha damu safi hurudi kwenye upande wa kushoto, ambao huisambaza mwili mzima. Daktari alilisoma fungu hilo kimoyomoyo. Kisha akainua macho akaligeuza.

"Mkono wako wa kula ni upi?"

"Wa kulia."

"Na wa kujisafishia?"

"Wa kushoto."

"Basi na moyo umeumbwa hivyo hivyo. Kulia hupokea damu safi, kushoto hupokea damu chafu na kuipeleka mapafuni. Hutalisahau hilo maisha yako yote."

Kwa mtu aliyelelewa katika nyumba ile, ambamo mtoto alichapwa kwa kupokea tonge kwa mkono wa kushoto, uongo huo haukuhitaji ushahidi. Ulikuja umevaa kilemba. Ili aukaze zaidi, Daktari akamtungia beti:

Kulia ni kwa usafi, damu safi huingia,
Kushoto ni kwa uchafu, mapafuni yakimbia.

Kwa mizani beti hilo halikuwa baya, ingawa kina chake cha kati kilichechemea. Binti akalipokea, akalitia mahadhi, na tangu siku ile likawa la nyumba nzima. Alilisoma akichota maji, akifagia unga wa vioo chini ya mashine, akianika nguo. Wakati mwingine aliteleza, akasema "kulia ni kwa uchafu", na Daktari akamkatiza kutoka kwenye mashine, "Usafi! Kulia ni kwa usafi! Rudia." Naye akarudia. Aliteleza pale pale kila siku, na kila siku kaka yake alimsahihisha, akilisoma beti lote kwa sauti yake mwenyewe ili lisikike vizuri. Hata baba alilipenda. "Subhanallah," alisema, "kumbe hata moyo una adabu!" Akawa akilivumisha puani huku akisafisha lenzi za wateja.

Siku ya mtihani wa kuandika, ndugu hao wawili walikaa ukumbini wakiachana kwa safu kadhaa za madawati. Karatasi zilikuwa zimeanza kugawiwa Daktari alipogeuka kumtazama dada yake, pengine kwa huruma, kwani mtu aliyekwisha kudhulumu huwa na nafasi ya kuona huruma. Akamwona akifungua kitambaa na kutoa miwani yenye fremu ya kahawia. Aliitambua. Aliisaga yeye mwenyewe, kwa ajili ya mwalimu mmoja mstaafu aliyefariki kabla ya kuja kuichukua. Binti aliivaa, akaisukuma juu ya pua kwa kidole kama mtu aliyezoea, akainamia karatasi.

Waliporudi nyumbani kwa miguu, Daktari alimuuliza, "Ile miwani umeitoa wapi?"

"Kwenye kasha. Utamwambia baba?"

"Umeanza kuivaa lini?"

"Juzijuzi tu, kaka. Nilijua karatasi ya mtihani nisingeiona."

Alitembea hatua chache. Kisha akasema kwa sauti aliyotaka ionekane ya utani, "Hebu nisomee lile la moyo, tuone kama miwani haijakusahaulisha."

Binti akalisoma, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na safari hii hakuteleza. Daktari akapumua.

"Sitamwambia baba," akasema.

Wote wawili walifaulu mtihani wa kuandika, wakaitwa kwenye usaili. Katika chuo kile kila mtahiniwa alisimama peke yake mbele ya jopo, akapewa chaki, akatakiwa kulieleza jambo moja la sayansi kana kwamba anamfundisha asiyejua. Usaili huo ndio uliokuwa ukimwangusha Daktari miaka yote. Alijua kujaza majibu, akashindwa kueleza. Mwenyekiti wa jopo alikuwa tabibu wa kike wa makamo, mwenye sauti ya upole. Kulia kwake na kushoto kwake walikaa matabibu wawili wanaume, mmoja mnene akichezea kalamu.

"Tuchoree moyo," alisema mwenyekiti, "kisha ulifuate tone la damu linalotoka mguuni mpaka lirudi mguuni."

Daktari alifurahi. Katika kitabu kizima hapakuwa na fungu alilolijua kwa yakini kuliko hilo. Alilichunguza kwa undani ili apate kuliharibu. Akachora, na mchoro ukatoka mzuri, wenye vyumba vinne na milango yake. Akaweka ncha ya chaki kwenye mshipa mkubwa unaotoka mwilini.

"Damu iliyotumika," alianza, "huingia upande wa..."

Na hapo alisikia mahadhi. Hakuna aliyekuwa akiimba chumbani mle. Ni kichwa chake kilichoyaleta, sauti ya dada yake, na ya baba yake puani, na juu ya zote sauti yake mwenyewe ikikemea: Usafi! Kulia ni kwa usafi! Alijua kwamba kati ya usafi na uchafu, neno moja lilikuwa la uongo. Akatafuta ni lipi. Akautazama mchoro, na mchoro haukumsaidia, kwani moyo uchorwao ubaoni humtazama mtazamaji, na kulia kwake huwa mkono wa kushoto wa anayeuangalia. Akajaribu kukumbuka ukurasa wa kitabu. Akaona kipande cha kioo na matone ya maji meupe, na herufi chini yake hazisomeki.

"Upande wa?" aliuliza mwenyekiti.

"Wa kushoto."

Yule mnene aliacha kuchezea kalamu. Mwenyekiti aliinama mbele, na kwa rehema ambayo Daktari hakuistahili wala hakuitambua, akasema, "Kushoto kwako unavyoutazama ubao, au kushoto kwa mwenye moyo?"

Angesema "kwangu" angeokoka. Lakini aliona kwamba anapimwa kama ana yakini, na yakini alikuwa nayo mdomoni, imekazwa kwa miezi mingi. "Kushoto kwa mwenye moyo," akajibu kwa nguvu. "Kulia huingia damu safi. Ndiyo maumbile."

"Basi mwenye moyo tumsomee dua," alisema yule mnene, na mwenzake akajifunika mdomo kwa mkono. Mwenyekiti hakucheka. Alimshukuru Daktari, akamwomba aiache chaki mezani.

Dada yake aliulizwa habari za figo. Alikaa ndani kwa muda mrefu, na waliokuwa mlangoni walisikia jopo likicheka tena, lakini kicheko hicho kilikuwa cha watu waliofurahishwa. Jioni karani alitoka akayasoma majina ya waliochukuliwa. Daktari aliyasikiliza yote hadi mwisho, kwa kuwa jina la dada yake lilikuwa karibu na mwanzo na ingekuwa aibu kuondoka.

Kesho yake mchana, baba alipokwenda kuswali, walibaki wawili karakanani. Binti alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja akisoma kile kitabu, miwani usoni. Hakuficha.

"Ulijua?" aliuliza Daktari.

"Nini?"

"Unajua nini."

Alifunua ukurasa mwingine kabla ya kujibu. "Nilijua wiki ile ile. Ulikwenda kununua fremu, nikavaa miwani hii, nikaangalia kwenye kitabu. Nilitaka kuona picha ya moyo tu, kaka. Sikuwa nakupeleleza."

"Basi mbona hukusema? Mbona uliendelea kuimba kila siku, kila siku, mpaka na baba akaimba?"

"Nilikuwa nateleza," alisema. "Hukuona? Nilikuwa nasema kulia ni kwa uchafu. Kila siku nilikupa nafasi uniambie, enhe, hivyo ndivyo. Na kila siku ulinirudisha." Akaifunga miwani ndani ya kitambaa. "Baadaye nikaona unavyolisoma vizuri kunishinda. Nikasema, acha alisome."

Mashine ilikuwa imezimwa, na maji katika beseni yalikuwa yametulia, unga umeshuka chini.

"Kuna jambo moja," binti akaendelea, kwa sauti ile ile. "Baba amesema sikai bwenini. Msichana halali nje ya nyumba ya baba yake, amesema, na bila bweni chuo hakinichukui. Mimi hanisikilizi, na shangazi amemwambia mpaka amechoka. Wewe ni mkubwa wetu. Wewe atakusikiliza."

"Mimi nikuombee?"

"Ndiyo."

"Nikikataa?"

"Nitamsomea lile beti, kisha nimwonyeshe ukurasa. Atauliza ni nani aliyelitunga."

Alikuwa dada yake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, Daktari ndiye aliyembeba dada huyo mgongoni. Alimtazama usoni akitafuta mzaha, na mzaha haukuwepo. Wala hasira haikuwepo, jambo ambalo lingalimpa ahueni.

Baba aliporudi, alivua viatu, akakaa mahali pake, akanyoosha mkono kuchukua fremu. Daktari alisimama mbele yake kama alivyokuwa akisimama utotoni akiwa amevunja kitu.

"Baba, naomba umruhusu akakae chuoni."

Fundi hakuinua kichwa. "Nani ameniomba?"

"Mimi."

"Wewe. Umeanguka, halafu unamwombea aliyekupita. Huoni haya?"

"Ana akili, baba. Nafasi hii asiipoteze."

"Ana akili kuliko nani?"

Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa kimya. Binti alikuwa amesimama ukutani, chini ya ubao wa herufi, mikono nyuma. Daktari alimtazama mara moja, naye akayapokea macho yake bila kuyakimbia.

"Kunishinda mimi," akasema Daktari.

Baba akaiweka fremu chini. Kwa mara ya kwanza tangu matokeo yatoke akamtazama mwanawe, na uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu anayepima lenzi na kuona kwamba imesagwa vibaya, haifai kurudishwa mashineni. "Nikimruhusu, karakana hii ni yako. Huendi popote. Habari za chuo, za kozi sijui gani, za mji mwingine, sitaki kuzisikia tena. Mtu mmoja wa kunisumbua anatosha."

"Ndiyo, baba."

"Umekubali?"

"Nimekubali."

"Dada!" fundi aliita kuelekea kwenye pazia. "Toka uje usikie. Mwanao ana neno." Shangazi akatokea akiwa na sindano kwenye kifua cha nguo, na kwa mara moja katika maisha yake hakuwa na mzaha ulimini. "Haya," fundi akamwambia mwanawe. "Ulilosema kuhusu dada yako. Liseme tena, shangazi yako hakulisikia vizuri."

Na Daktari akalisema tena, kwa sauti.